Nilisema Ni Mvua

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza kwa fujo, na mimi nimeanza kufanyia kazi nyumbani. Kampuni ya bima imeifunga ofisi yetu ya wapokea simu, ikampa kila mtu kompyuta na vipokea sauti vya kuvaa kichwani, ikatuambia kila mtu akakae kwake. Meza yangu ipo sebuleni, chini ya rafu yenye ruta. Ruta yenyewe ya zamani, tuliinunua mwaka tuliooana. Ilikuwa nyeupe, sasa ina rangi ya chai iliyozidi maziwa. Ila inafanya kazi. Zamu yangu inaanza mchana na kuisha baada ya chakula cha jioni.

Wifi yangu naye amemaliza kuhamia chumba cha nyuma. Ni mdogo wa mume wangu. Ndoa yake imevunjika, na mtalaka wake amepata kazi nchi nyingine, akaondoka na binti yao mpaka mama mtu apate pa kusimama. Amekuja na masanduku yake na cherehani. Alipokiona chumba akasema, "Wifi, rangi hii ya manjano nzuri, inachangamsha." Nikamwambia ahsante. Tulikipaka rangi ile kwa ajili ya mtoto ambaye hatukumpata.

Ijumaa, 7 Machi

Kila jioni, mtoto akishamaliza kazi za shule, wifi anampigia simu ya video. Mtoto wanamwita Kidoti kwa ile alama nyeusi aliyozaliwa nayo kidevuni. Ana kicheko cha kupasua ukuta. Leo nilikuwa namweleza mteja masharti ya bima ya gari, yeye akasikia kicheko, akaniuliza, "Huyo ni wa kwako?" Nikasema hapana, akaendelea na habari za gari lake.

Jumapili, 9 Machi

Mvua kutwa. Tumefua, hakuna kilichokauka.

Jumatano, 12 Machi

Msimamizi wangu amenipigia. Simu zangu na wateja zinakatika jioni, sauti inakuja vipande vipande, wateja wanalalamika. "Rekebisha hilo, dada, maana mimi huku juu naulizwa." Hakunifokea. Afadhali angefoka.

Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta. Mle ndani kuna mahali unaiambia impe nani kwanza mtandao. Nikaiambia: kompyuta yangu kwanza, wengine wote wagawane kinachobaki. Na kwa ruta kuukuu kama hii, kinachobaki ni makombo. Nimejiambia ni kwa wiki hii tu, mpaka msimamizi atulie.

Alhamisi, 13 Machi

Simu zangu zote zimekwenda sawasawa, hata moja haikukatika.

Jioni wifi akaja sebuleni ameishika simu yake kama mtu aliyebeba ndege aliyeumia. Alisubiri nimalize na mteja, ndipo akauliza kwa sauti ya chini, "Wifi, mtandao leo una nini? Kidoti ananigandia. Namwona mdomo wazi, haongei."

Nikasema, "Ni mvua."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Lilitoka tu, limekwisha kunyooshwa na kupigwa pasi.

"Aa, mvua," akasema. "Basi itapita."

Jumapili, 16 Machi

Mume wangu anafundisha udereva, Jumapili ndiyo siku yake ya kukaa nyumbani na kuona mambo. Ameona. Tulipokuwa tunakula akasema, "Mke wangu, hii ruta si imezeeka? Zimetoka mpya, zina nguvu, zinafika mpaka uani. Tununue."

Nikamwambia mkataba wetu na watu wa intaneti unaisha Mei, na tukiweka mwingine watatupa ruta mpya bila hata kuomba. Kununua sasa ni kutupa hela. Akatikisa kichwa kukubali. Mambo ya mtandao ni yangu humu ndani kama mambo ya gari yalivyo yake.

Wifi akadakia, "Kaka, msijisumbue kwa ajili yangu. Hata hivyo ni mvua tu."

Niliyoyasema kuhusu mkataba ni kweli tupu. Ndiyo maana yalinitoka vizuri.

Jumamosi, 22 Machi

Nilipita duka la vifaa vya umeme kuulizia, ili mume wangu akiniuliza niwe na la kusema. Mwenye duka ni mama mmoja mnene, mcheshi, anayejua kuuza. Akanipangia maboksi juu ya kaunta. Hii inabeba vifaa vingi kwa pamoja. Hii ina mawimbi ya aina mbili, ya kufika mbali na ya kwenda kasi. Hii ya mwisho imeingia juzi tu, lakini simu nyingi za watu bado hazijafikia kuitumia, kwa hiyo utalipia kasi usiyoiona.

"Basi si bora ningoje hiyo ya mwisho ishuke bei?" nikauliza.

"Unaweza. Ila ikishuka itakuwa imeshatoka nyingine, utaanza kuingoja hiyo nayo. Mimi wateja wangu nawauliza swali moja tu: hiyo ya zamani inakukwamisha? Ikikukwamisha, badilisha leo. Isipokukwamisha, nenda zako, tutaonana."

Akaniangalia. "Inakukwamisha?"

"Mimi? Hapana."

"Haya, kwenda salama. Msalimie wifi," akasema, akacheka kwa utani wake mwenyewe, maana duka zima anauza vitu vya waifai, neno linaloandikwa kama wifi. Nilipofika nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba hata mwenye duka ameshauri tungoje.

Alhamisi, 27 Machi

Simu nyingi leo, mapaa yanavuja mji mzima. Nilikuwa mpole kwa watu wote niliozungumza nao.

Jumatatu, 31 Machi

Msimamizi amenisifu mbele ya wenzangu. Wiki niliyojipa imekwisha muda, na ile nyingine, na sijagusa kitu.

Jioni nilisikia mtu anaongea nje ya dirisha langu. Nikafungua pazia. Wifi alikuwa amesimama chini ya ukingo wa paa, mwavuli kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine, mgongo ameubana ukutani upande wa pili wa ruta. Maji yalikuwa yanamrukia miguuni. Aliponiona akatabasamu, akanionyesha kioo cha simu: alama zote za mtandao zimejaa. Na katikati Kidoti ameganda, jicho moja limefumba.

"Nimeusogelea mtandao kabisa, wifi," akasema, "na bado. Itakuwa hii simu yangu ndiyo mbovu."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimeshafungua dirisha, mteja alikuwa bado hajaingia. Nikamwambia, "Ingia ndani, utaugua."

Jumanne, 1 Aprili

Nimemchemshia maji ya tangawizi. Ameniombea dua.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimerudi kutoka sokoni nikakuta mlangoni alama za matope za watu waliobeba kitu kizito. Chumba cha nyuma kilikuwa wazi. Mahali pa cherehani palikuwa na mraba msafi sakafuni.

Wifi alikuwa kitandani anafungua boksi la simu mpya, anabandua zile karatasi za plastiki taratibu asije akaikwaruza.

"Umeuza cherehani?"

"Cherehani nitapata nyingine. Sikuwa na wateja wengi huku bado." Akainua simu niione. "Muuzaji ameniapia, hii haigandi."

Nilikaa pembeni ya kitanda chake. Alinieleza kwamba shule kule zikifunga, Juni, mtalaka wake amekubali Kidoti aje kukaa likizo nzima, na mwisho wa likizo mtoto mwenyewe aseme anataka kuishi wapi. "Lakini sharti aje kwa hiari yake. Baba yake amesema hamlazimishi mtoto kupanda ndege kumfuata mtu anayemwona kwa mafungu." Akacheka kidogo. "Kwa mafungu, eti. Kama dagaa."

Nikamwambia simu ni nzuri. Nikatoka, nikasimama jikoni nimeshika kikombe kitupu. Nilijua kinachotakiwa, kazi ya kubonyeza vitufe tu. Nikajiambia nitaondoa ule mpangilio zamu ikiisha. Zamu ikaisha, nikawa nimechoka, nikalala.

Jumatano, 9 Aprili

Simu mpya nayo inaganda. Wifi hajalalamika. Ameanza kuizungumzia kama mtu anayezungumzia mgonjwa wa muda mrefu.

Jumapili, 13 Aprili

Mume wangu amenunua ndoo ya kukingia maji yanayovuja barazani. Hakuna jingine.

Ijumaa, 25 Aprili

Niandike yote.

Leo Kidoti alikuwa na igizo shuleni kwao. Amepewa nafasi ya kusema maneno mengi kuliko watoto wote wa darasa lake, na wifi ameyakariri yeye pia, wiki nzima amekuwa akiyasema huku anafagia. Baba mtu alikubali kushika simu na kumwonyesha igizo moja kwa moja. Saa zile zile za zamu yangu, bila shaka.

Asubuhi niliamka nimeamua. Nikaingia kwenye ruta nikafuta ule mpangilio. Nikahisi mwepesi, nikapika chapati bila kuombwa. Wifi alivaa gauni lake la sherehe kana kwamba yeye ndiye anakwenda kukaa viti vya mbele, akajipaka wanja, akaniuliza kama amezidisha. Nikamwambia amependeza. Alikuwa amependeza kweli.

Mchana ukaja ujumbe wa msimamizi: leo wakubwa watakuwa wanasikiliza simu zangu, kuna nafasi ya kiongozi wa zamu na jina langu limetajwa. Nikausoma nikiwa nimesimama. Halafu nikakaa, nikaurudisha ule mpangilio. Nilijiambia igizo la watoto halichukui muda, huenda leo mtandao ukahimili.

Niliyekuwa naye hewani igizo lilipoanza alikuwa mzee mwenye duka la vitabu lililoingiwa na maji. Alikuwa analia kwa aibu, analia na kuomba radhi. Nilimsikiliza vizuri. Hilo sijutii. Lakini sikio langu jingine lilikuwa ukutani, na ukutani nilisikia: "Haloo? Baba Kidoti, unanisikia? Haloo. Sioni. Sogea, sioni kitu." Kisha kimya. Kisha, "Haloo?" Wifi hana tabia ya kupaza sauti. Alikuwa anasema "haloo" kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye watu wasiotaka kufungua.

Niliposhusha vipokea sauti na kwenda kwake, mtandao ulikuwa umeachia. Kidoti alikuwa amepiga mwenyewe, sauti yake inasikika vizuri ila picha ni ukungu wa viboksi. Nilisimama mlangoni.

"Mama, umeniona?"

Wifi akanitazama, akaitazama simu. "Nimekuona, mwanangu. Umesema vizuri mno. Hukukosea hata neno."

"Na nywele zangu umeziona?"

"Nimeziona. Wamekusuka vizuri, umependeza."

Kikapita kimya. Safari hii hakikuwa cha mtandao, maana nyuma yake nilisikia watoto wengine wakikimbia na kucheka.

"Mama, mimi nimenyoa," Kidoti akasema. "Nimenyoa zote."

Na akakata.

Wifi akabaki ameshika simu usawa wa uso wake. Wanja ulikuwa bado umekaa mahali pake. Akasema, si kwangu hasa, "Sikutaka ajue kwamba sikumwona. Alikuwa na furaha."

Mimi nimemfundisha mama mtu kumdanganya mwanawe. Uongo wangu ulitoka sebuleni, ukapita ukutani, ukafika kwa mtoto ng'ambo.

Nafasi ya kiongozi wa zamu nimepewa. Waliniarifu kabla sijazima kompyuta.

Jumapili, 27 Aprili

Kidoti hapokei. Nimefuta ule mpangilio kabisa, na safari hii sitaurudisha. Mtandao wa chumba cha nyuma leo unapita. Wifi anapiga, simu inaita vizuri mno, inaita mpaka mwisho.

Jumamosi, 3 Mei

Ujumbe kutoka kwa baba mtu. Wifi alinipa niusome kwa kuwa macho yake yalikuwa hayaoni kwa machozi: "Amesema hataki kuja likizo. Nimejaribu kumshawishi. Anasema mama anasema uongo. Tumpe muda."

Mume wangu alikasirika. Akasema kama tatizo ni ruta, basi hiyo ruta aitupe jalalani kwa mikono yake. Akanigeukia: "Wewe si ulisema tungoje Mei? Mei hii hapa."

Jumatatu, 5 Mei

Sikungoja ruta ya mkataba, nimekwenda duka lile lile. Yule mama akanitambua. "Kumbe sasa inakukwamisha," akasema. Nikachukua ile yenye mawimbi ya aina mbili, na kifaa kingine kidogo cha kuweka ukumbini ili mtandao ufike chumba cha nyuma bila kupungua. Nimefunga mwenyewe. Ile ya zamani ilipozimwa, nyumba nzima ilikosa mtandao kwa muda mfupi, na sisi watatu tukawa tunatazamana.

Ikawaka. Wifi alifungua simu yake chumbani, akarudi mbio, akanikumbatia mbele ya kaka yake. "Wifi yangu, Mungu akulipe. Hakuna mtu aliyenihangaikia kama wewe." Mume wangu akaniwekea mkono begani.

Nilikuwa nimesimama kati yao kama mwizi aliyekamatwa akapewa zawadi.

Jumatano, 7 Mei

Wifi amepika chakula ninachokipenda. Nimekiacha sahanini. Nikasema tumbo. Akanipa dawa ya tumbo.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemwambia.

Alikuwa barazani anashona pindo la sketi ya jirani kwa mkono, kwa kuwa cherehani haipo. Mvua ilikuwa nyepesi, ya kuaga. Nikavuta kiti.

"Wifi, haikuwa mvua."

"Nini haikuwa mvua?"

Nikamweleza. Sikupamba. Nilimwambia juu ya mipangilio, juu ya msimamizi, juu ya siku ile ya dirishani. Yeye aliendelea kushona mpaka uzi ukaisha, akaufunga fundo, akaukata kwa meno.

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Nilipouza cherehani ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na siku ya igizo?"

"Asubuhi niliondoa. Mchana nikarudisha."

Akaikunja ile sketi vizuri, akaiweka magotini. "Ungeniambia tu," akasema. "Ungesema, wifi, jioni nahitaji mtandao wa kazi yangu, ongea na mwanao saa nyingine. Ningeongea naye asubuhi kabla hajaenda shule. Ningekubali siku hiyo hiyo."

Wazo la kumwambia hivyo halikunijia hata mara moja, na hapo ndipo nilipojua kwamba kazi haikuwa sababu yote. Nikasema kile ambacho sijamwambia hata mume wangu: kwamba kicheko cha Kidoti kikitoka kwenye chumba kile kilinichoma, kwamba rangi ile ya manjano ilikuwa ya mtu, kwamba jioni ambazo kicheko hakikusikika nilifanya kazi kwa raha.

"Kwa hilo pole," akasema. "Kweli, pole sana. Lakini mwanangu hakukukosea kitu."

"Najua."

"Utamwambia wewe. Mimi nikimwambia ataona namwongezea uongo mwingine."

Jumamosi, 10 Mei

Mume wangu ameambiwa. Na mimi, si na dada yake. Alisema tu, "Kumbe muda wote ule nilikuwa nakusifu." Amekwenda kumtafuta aliyenunua cherehani. Mtu yule ameshaiuza kwa mwingine.

Jumapili, 11 Mei

Baba mtu ndiye aliyepokea, wifi akamwomba amshikie Kidoti simu. Kisha akanipa mimi kiti chake, akasimama nyuma ya mlango asionekane.

Picha ilikuwa safi hata nikaogopa. Nilikuwa sijawahi kumwona mtoto yule vizuri. Nywele zimeanza kuota, ile alama kidevuni, jino la mbele limeng'oka. Anafanana na mjomba wake.

"Shikamoo Anti."

"Marahaba. Kidoti, siku ya igizo mama yako hakukuona kwa sababu yangu. Mtandao niliuchukua mimi wote. Nilimwambia ni mvua, akaniamini. Akasema amekuona ili usihuzunike. Aliyeanza kudanganya ni mimi."

Akanitazama. Watu wazima huangalia pembeni ukiwaambia jambo kama hilo. Yeye hakuangalia pembeni.

"Kwa nini uliuchukua wote?"

"Nilikuwa na wivu. Mama yako ana wewe."

"Na wewe huna mtu?"

"Sina mtoto."

Akafikiri. Nilimwona anafikiri, kila kitu kinapita usoni kwake bila kukatika.

"Mama aliuza cherehani yake," akasema. "Yeye aliniambia anapumzika kushona, Baba akaniambia ameuza anunue simu. Kumbe ni kwa sababu yako."

"Ndiyo."

"Ondoka hapo," akasema, bila hasira. "Nataka Mama."

Nikaondoka. Wifi akapita ubavuni kwangu bila kunigusa, akakaa, na nilipokuwa navuta mlango nilimsikia Kidoti akisema, "Umekonda."

Alhamisi, 15 Mei

Nafasi ya kiongozi wa zamu nimeirudisha. Msimamizi ameshangaa, akauliza kama nimepata kazi kwingine. Nikasema nahitaji jioni zangu zamu ikiisha. Sina la kufanya na hizo jioni, lakini sikuweza kuikalia nafasi ile.

Jumanne, 20 Mei

Kidoti bado hajasema kama atakuja. Amesema atafikiria. Wifi anakula na sisi, anaosha vyombo kwa zamu, anaitikia nikimsalimu. Neno la ziada hakuna.

Jumatano, 28 Mei

Mvua zimekwisha. Jua la leo ni la kuanikia.

Wana mtindo mpya, wale wawili. Zamani walikimbizana kusema yote kabla picha haijaganda. Sasa wifi anaiegemeza simu kwenye kikombe na kuiacha wazi, yeye anashona kwa mkono, Kidoti huko kwao anachora au anasoma kitabu chake, na zinapita nyakati ndefu hakuna anayesema kitu. Mtandao unabeba ukimya wao wote bila kuchoka.

Leo mlango wao ulikuwa wazi. Nilipita ukumbini na beseni la nguo nikielekea uani, na kivuli changu nadhani kiliingia kwenye picha.

"Mama, nani huyo amepita?"

Sindano ikasimama. Miezi yote hii, mbele ya watu wote, na mbele ya jirani, na hata ile jioni ya mwavuli, nilikuwa "wifi yangu". Nilisubiri na beseni langu mikononi.

"Mke wa mjomba wako," akasema, akaendelea kushona.

Nikatoka uani, nikaanika nguo.